Ajali ya Langoni Ina Kinga: Tuwalinde Watoto Siku ya Sikukuu



Wahenga walisema, ajali haina kinga. Methali hii huwafariji watu wengi wakati wa msiba, nasi hatutaki kuibeza. Lakini mwezi huu tunataka kuzungumzia ajali moja ambayo kinga yake ipo na haihitaji dawa wala fedha. Nayo ni ajali ya msongamano wa watu mlangoni, hasa siku za sikukuu, watoto wanapokwenda kwenye viwanja vya kufurahishia.

Kila aishiye Unguja anazijua siku hizo. Ikifika Idi, watoto huvishwa nguo mpya, hupewa fedha za sikukuu na ndugu na jamaa, kisha hutaka kupelekwa Mnazi Mmoja, Forodhani au kwenye uwanja wa kufurahishia watoto wa Kariakoo, penye pembea na michezo mingine. Watoto wetu wa parokia nao hufurahi pamoja na wenzao wa mtaani, kama ambavyo hao wenzao huja kula pilau kwetu siku ya Krismasi. Ni desturi njema ya ujirani. Tatizo ni kwamba watu huondoka majumbani kwa wakati mmoja, wakaelekea mahali pamoja na kupita kwenye mlango mmoja.

Hatusemi watoto wafungiwe ndani. Mtoto anahitaji kucheza kama anavyohitaji chakula. Tunachosema ni kwamba safari ile kutoka garini hadi ndani ya uwanja, ambayo wengi huiona kuwa jambo dogo, ndiyo sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote.

YALIYOTOKEA KWA WENGINE

Tusidhani mambo haya ni ya mbali. Siku ya Idi el-Fitri, tarehe 1 Oktoba 2008, mjini Tabora, watoto walikusanyika katika ukumbi wa dansi kwa ajili ya disko la watoto. Ukumbi ulijaa kupita kiasi, hewa ikapungua, watoto wakasukumana na kukanyagana. Watoto 20 walikufa. Walikuwa wametoka nyumbani wakiwa wazima na wamevaa nguo mpya.

Mjini Kampala, usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, watu waliokuwa kwenye jengo la maduka walikimbilia kutazama fataki za Mwaka Mpya kupitia njia nyembamba. Watu wasiopungua 9 walipoteza maisha, wakiwamo watoto.

Kisa cha zamani zaidi kinatufundisha kuliko vyote. Mwaka 1883, katika mji wa Sunderland nchini Uingereza, palikuwa na onyesho la mazingaombwe la watoto. Mwisho wa onyesho ilitangazwa kwamba zawadi zitagawiwa. Watoto waliokuwa ghorofani wakateremka ngazi mbio. Chini ya ngazi palikuwa na mlango uliofunguka kwa ndani, nao ulikuwa umefungwa kwa komeo na kuachwa nafasi ya kupita mtoto mmoja mmoja, ili tiketi zikaguliwe vizuri. Wa mbele wakakwama, na wa nyuma hawakujua, wakaendelea kuteremka. Watoto 183 walikufa. Baada ya msiba huo, sheria za Uingereza zilidai milango ya kumbi ifunguke kwa nje, na baadaye ikabuniwa ile milango ya dharura ambayo mtu akiisukuma tu hufunguka.

Tuangalie vizuri. Pale Sunderland hapakuwa na moto wala mtu mbaya. Palikuwa na watoto wenye furaha, mlango mwembamba, na watu wa nyuma wasioona yanayotokea mbele. Mambo hayo matatu yanaweza kukutana hata kwetu, siku yoyote ya sikukuu.

MTU HUFAJE KATIKA MSONGAMANO?

Wengi hudhani kwamba watu hufa kwa kukanyagwa. Wapo wanaokufa hivyo, lakini walio wengi hufa kwa kukosa pumzi, na baadhi yao hufa wakiwa wamesimama wima.

Ili tupumue, ni lazima kifua kitanuke ndipo mapafu yavute hewa. Mtu akibanwa mbele na nyuma kwa nguvu, kifua hakitanuki. Hata kama hewa imejaa juu ya kichwa chake, haiingii. Baada ya muda mfupi huishiwa nguvu na kuzimia, na ubongo ukikosa hewa kwa dakika nne hivi huanza kuharibika. Ndiyo maana waliobanwa hawapigi kelele: mtu asiye na pumzi hana sauti. Ukimya wa watu wa mbele usitufanye tudhani kuwa wako salama.

Wataalamu wa mikusanyiko wanatuambia kwamba watu wanne katika eneo la mita moja ya mraba bado wanaweza kujiongoza. Wakizidi watano, hatari huanza. Wakifika saba, mtu hana tena hiari ya kwenda atakako, bali hubebwa na umati kama kijiti kinavyobebwa na mawimbi. Hapo hata mwanamume mwenye nguvu hawezi kujiokoa.

Mtoto ana hatari zaidi kwa sababu tatu. Kwanza ni mfupi: pua yake iko kwenye matumbo na mikoba ya watu wazima, na hewa anayoivuta ni ya joto na nzito. Pili, mbavu zake ni laini na hubonyea haraka. Tatu, watu walio nyuma yake hawamwoni. Wenye pumu, wajawazito, wazee na wagonjwa wa moyo nao wasisimame kwenye msongamano.

MAANDALIZI YA NYUMBANI

Tuchukue mfano wa familia ya watu saba inayoishi Kwerekwe: baba, mama, bibi na watoto wanne. Wanataka kwenda Kariakoo siku ya pili ya Idi. Wajiandae hivi:

1. Wahesabu mikono. Mtu mzima ana mikono miwili, kwa hiyo asipewe watoto zaidi ya wawili. Kila mtoto aambiwe kabla ya kutoka, "Wewe ni wa baba," au "Wewe ni wa bibi." Wengi hupotea kwa sababu baba alidhani mtoto yuko na mama, na mama alidhani yuko na baba.

2. Wachague saa. Msongamano huwa mkubwa kuanzia jioni, jua likishapoa. Anayeweza kwenda mapema, watu wakiwa wachache, aende mapema na kurudi mapema.

3. Mtoto ale, anywe maji na aende chooni kabla ya kutoka. Mtoto mwenye njaa na haja ndogo huwaharakisha wazazi, na haraka haraka haina baraka.

4. Viatu vipya vinavyobana vibaki nyumbani. Mtoto anayechechemea huanguka upesi. Kamba za viatu zifungwe vizuri, na buibui au kanzu isiburure chini.

5. Namba ya simu ya mzazi iandikwe kwenye kipande cha karatasi na kutiwa mfukoni mwa mtoto, au iandikwe kwa kalamu ya wino mkononi. Jina la mtoto lisiandikwe nje ya nguo, kwani mtu mwenye nia mbaya anaweza kumwita kwa jina kana kwamba wanajuana.

6. Mzazi mwenye simu ya kamera ampige mtoto picha asubuhi ile akiwa na nguo alizovaa. Akipotea, picha hiyo itasaidia kuliko maelezo mengi.

7. Mtoto afundishwe majina kamili ya wazazi wake na jina la shehia anayoishi. Mtoto wa miaka mitano akiulizwa jina la baba akajibu "Baba", ni vigumu kumsaidia.

KWENYE GARI NA MAEGESHO

Mitaa ya Mji Mkongwe ilijengwa kwa ajili ya watu waendao kwa miguu, si kwa magari. Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi tunaiita Creek Road, hujaa hata siku za kawaida kwa sababu ya soko la Darajani. Siku za sikukuu, askari wa usalama barabarani mara nyingi hufunga au kubadilisha njia zilizo karibu na viwanja. Asiyejua hilo huzunguka na gari, hukasirika, kisha huegesha popote.

Ushauri wetu ni kuacha gari mbali, mahali panaporuhusiwa, na kutembea kwa miguu. Dakika 15 za kutembea na watoto ni mazoezi mazuri, na wakati wa kurudi gari halitazibwa na mengine. Wanaosafiri kwa daladala wateremke kituoni, si katikati ya barabara.

Watoto wateremke upande wa ukingo wa barabara, na mtu mzima awe wa kwanza kushuka na wa mwisho kupanda. Dereva asirudishe gari nyuma kabla ya mtu mzima kushuka na kutazama, kwa maana mtoto mdogo aliyesimama nyuma ya gari haonekani kwenye vioo. Kubeba watoto watatu au wanne juu ya vespa si ushujaa. Ni kuwaweka wote katika hatari kwa sababu ya nauli moja.

Jambo jingine kubwa: mtoto asiachwe ndani ya gari, hata kama amelala, na hata kama "narudi sasa hivi". Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa nyuzi kumi hivi katika dakika kumi za mwanzo, na huendelea kupanda. Wakati wa kaskazi, joto la nje likiwa nyuzi 32, ndani ya gari linaweza kuzidi nyuzi 45 kabla ya nusu saa. Mwili wa mtoto hupata joto haraka mno kuliko wa mtu mzima. Kufungua kioo kidogo hakusaidii.

Kabla ya kuondoka garini, familia ikubaliane mahali pa kukutana endapo watapotezana. Pawe mahali pa wazi, nje ya lango, na pawe na alama isiyohama. "Tukutane kwenye mti ule" ni maelezo mazuri. "Tukutane kwenye gari la madafu" si mazuri, kwa sababu mwenye madafu anaweza kuhama.

KWENYE UKAGUZI

Siku hizi tumezoea kukaguliwa: bandarini Malindi, uwanja wa ndege, Uwanja wa Amaan siku za mechi na sherehe za Mapinduzi. Wengine huona ni usumbufu. Lakini ukaguzi ni kinga kama chanjo ilivyo, na kinga ni bora kuliko tiba.

Mkoba mkubwa huchelewesha foleni, na foleni inayochelewa huongeza msukumo nyuma. Kwa hiyo chukueni mfuko mmoja mdogo. Visu vya kumenyea matunda na chupa za kioo zibaki nyumbani. Dawa za mgonjwa, kama insulini au dawa ya pumu ya kuvuta, ziwekwe kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, pamoja na karatasi ya hospitali, na mgonjwa asikubali kutenganishwa nazo. Amweleze mkaguzi kwa upole ni za nini.

Wajawazito wengi huuliza kama mlango wa kukagua chuma unadhuru mimba. Jibu ni hapana. Mlango huo, pamoja na kile kifimbo cha mkononi, hutumia nguvu hafifu ya sumaku, si miale ya eksirei. Eksirei hutumika katika mashine ya kukagulia mizigo, nayo imefunikwa pande zote. Jambo la kuangalia ni kwamba watoto wasiukalie mkanda wake wala kuingiza mikono. Mtu aliyewekewa kifaa cha kusaidia moyo kupiga amwambie mkaguzi kabla ya kupita.

Mwanamke akaguliwe na mwanamke. Mtoto aelezwe mapema kwamba atakaguliwa akiwa pamoja na mzazi wake, asiogope. Wakati wa kukaguliwa ndipo wengi hupotezana: mama yuko upande wa wanawake, baba upande wa wanaume, na mtoto yuko katikati akitazama maputo. Mtu mzima mmoja avuke kwanza, watoto wamfuate, kisha mtu mzima mwingine awe wa mwisho.

KWENYE LANGO LENYEWE

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Ukikaribia lango, simama kando kwanza utazame. Je, foleni inakwenda, au watu wanarundikana? Je, wanaotoka wanapita mlango uleule wa wanaoingia? Je, kuna ukuta au uzio unaowabana watu? Ukiona watu wamerundikana, subiri. Hakuna pembea iliyowahi kuondoka kama meli.

Ukiwa ndani ya foleni, zijue dalili za hatari:

- Unaguswa na watu mabegani pande zote mbili.
- Huwezi kuinua mkono kujikuna uso bila kumsukuma mwenzako.
- Unasogea bila kupiga hatua kwa hiari yako, au unahisi wimbi la watu likikusukuma mbele na nyuma.
- Watu wa mbele wanalalamika kwamba wanabanwa.

Ukiona mojawapo ya dalili hizo, toka mara moja. Usingoje kwa kuwa umeshafika karibu au umeshakata tiketi. Usigeuke kupambana na umati, bali sogea upande kidogo kidogo, kila wimbi linapopoa, mpaka ufike pembeni. Jiepushe na ukuta na uzio, maana hapo ndipo watu hubanwa zaidi.

Kama umeshabanwa, fanya hivi. Weka mikono mbele ya kifua, ngumi karibu na mabega, ili upate nafasi ndogo ya kupumulia. Simama mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Usipige kelele ovyo, kwani kelele humaliza pumzi. Kitu kikianguka, kiache, hata kama ni simu. Mtoto mdogo mwinue juu ya vifua vya watu, awe mbele yako na si mgongoni, kwa maana mtoto wa mgongoni humwoni anapobanwa. Ukianguka na huwezi kuinuka, lala kwa ubavu, jikunje na ufunike kichwa kwa mikono.

Na wewe uliye nyuma, una kazi kubwa kuliko zote. Msukumo huanzia kwako. Ukiona foleni imesimama, simama. Ukisikia wa mbele wakisema "Rudini nyuma!", rudi hatua mbili na uwaambie walio nyuma yako. Hatua mbili zako zinaweza kuwa pumzi ya mtoto wa mtu usiyemwona.

HUDUMA YA KWANZA

Mtu aliyetolewa kwenye msongamano apelekwe penye hewa na afunguliwe nguo zinazobana. Akiwa anapumua lakini hana fahamu, mlaze kwa ubavu. Asinyweshwe kitu chochote. Akiwa hapumui, mlaze chali, minya katikati ya kifua chake mara 30 kwa haraka na kwa nguvu, kisha mpulizie pumzi mbili mdomoni, na uendelee hivyo mpaka msaada ufike. Kwa mtoto mdogo tumia mkono mmoja, na kifua kibonyee kiasi cha theluthi moja ya unene wake. Wakati huohuo mwenzako apige simu namba 112. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko jirani.

Aliyebanwa sana apelekwe hospitali hata kama anatembea na anasema amepona. Macho mekundu, vidoti vyekundu usoni, maumivu ya mbavu au pumzi fupi ni dalili kwamba ameumia ndani.

Mtoto aliyesimama juani kwa muda mrefu akawa na kizunguzungu, kichwa kumuuma na kutapika, apelekwe kivulini, apewe maji kidogo kidogo na apepewe. Akichanganyikiwa na mwili ukiwa wa moto sana, mmwagieni maji mwilini na kumkimbiza hospitali.

MTOTO AKIPOTEA

Mfundishe mtoto mambo matatu: asimame palepale alipotambua kwamba amepotea, asimfuate mtu anayemwambia "twende kwa mama," na aombe msaada kwa askari mwenye sare au kwa mama mwenye watoto. Mzazi naye awaarifu walinzi wa lango upesi, maana mtoto aliye ndani hawezi kutoka kama lango linaangaliwa. Akipatikana, asipigwe. Mtoto anayejua kwamba atachapwa hujificha.

NENO KWA WAANDAAJI

Nasi huandaa sherehe: mahafali ya skuli, sikukuu za vigango, matamasha ya kwaya na ya vijana. Tujiulize maswali haya. Je, milango yote imefunguliwa, au mmoja tu kwa sababu wakaguzi wa tiketi ni wachache? Je, milango hufunguka kwa nje? Je, tiketi zinaweza kukaguliwa mbali na mlango, watu wakiwa bado wametawanyika? Je, njia ya kutokea ni tofauti na ya kuingilia? Je, yupo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "Pamejaa" na akasikilizwa?

Swali hilo la mwisho sisi watu wa visiwani tunalijua kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama ikiwa imebeba watu wengi mno kuliko kiwango chake. Watu walikuwa wakirudi makwao baada ya sikukuu. Mlango unaomkubali kila mtu hauna huruma. Mlinzi anayemwambia mtu "Ngoja" au "Rudi kesho" asitukanwe, kwa sababu huenda anamlinda mwanao.

Mzazi mwenzetu, ukurasa huu ukate, ubandike mahali watu wa nyumbani watauona, na usomeni pamoja kabla ya sikukuu ijayo. Wagaweni watoto kwa mikono, chagueni mahali pa kukutana, na mkifika langoni mkakuta pamejaa, wanunulieni watoto juisi ya miwa, mkae kivulini, mngoje. Pembea haitahama.